Muuzaji aniambia msumeno wa cc 105 haushindwi na mti: je, niununue?

"Assalaam aleikum fundi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Likoni, lakini nina shamba la ekari saba huko Matuga nililoachiwa na marehemu baba. Kuna mivinje niliyoipanda miaka minane iliyopita na sasa nataka kuivuna nguzo, minazi mikongwe isiyozaa tena, miembe na mikanju inayotaka kupogolewa, na mkwaju mmoja mkubwa uliokaukia karibu na nyumba. Kijana wa msumeno wa injini nikimwita anitoza kwa mti, na siku tuliyoagana haji. Nimechoka, nataka wangu. Mjini nimeonyeshwa mmoja wa cc 105, wa muundo ule wa zamani, na bei yake ni chini ya mdogo wa dukani wenye jina. Muuzaji asema kwa nguvu hiyo hakuna mti utakaonishinda. Mwanangu naye yuasema ninunue wa betri. Nishauri."

Waaleikum salaam Mwalimu, na shikamoo.

Nikikusoma vizuri, mambo mawili yamefungwa pamoja hapa. Umechoshwa na kijana asiyekuja, na unaogopa kununua kitu kidogo kikakuaibisha shambani. Hilo la kwanza ni haki yako kabisa. La pili ndilo muuzaji alilolishika, na analivuta kweli.

Niseme mapema ili usisome ukiwa na wasiwasi: huo wa cc 105 usiununue. Kwa miti uliyoitaja, tafuta wa kati, cc 45 hadi 55, wenye ubapa, yaani ule upanga wa chuma unaozungukwa na mnyororo, wa sentimita 40 au 45 (dukani watakwambia inchi 16 au 18), kutoka kwa mtu anayeuza pia spea zake. Ukikosa fedha ya kuununua pamoja na minyororo miwili ya akiba, tupa na suruali ya kinga, subiri mwezi mmoja zaidi ndipo ununue. Na ule mkwaju usiuguse, hata kwa msumeno mpya.

Huo mkubwa una asili yake, na si mashine ya kubezwa. Muundo wake ni wa Stihl 070, msumeno wa Kijerumani wa karibu cc 106 ambao wapasuaji mbao wameutumia kwa miaka mingi. Kazi yake ni kupasua gogo kwa urefu likatoka mbao. Kazi hiyo inataka injini yenye msuli, inayovuta polepole bila kukata pumzi. Lakini mashine peke yake, bila ubapa wala mnyororo, ina zaidi ya kilo 10. Ongeza ubapa, petroli na oili, kisha mwambie mtu auinue kukata tawi la mwembe. Mikono itaanza kutetemeka kabla tawi halijaanguka, na mikono inayotetemeka ndiyo inayoleta ajali. Tena, kwa vile muundo ni wa zamani, mingi utakayoonyeshwa haina breki ya mnyororo. Hilo peke yake kwangu latosha kuukataa kwa mtu anayeanza.

Kisha kuna bei. Msumeno halisi wa ukubwa huo hauwezi kuwa rahisi kuliko mdogo wa jina hilohilo. Ulichoonyeshwa ni nakala. Sitasema kila nakala ni takataka, maana nimeona nyingine zikifanya kazi misimu na misimu. Tabu huja siku ya spea. Nakala moja haifanani na nyingine hata zikitoka kwenye kasha la rangi moja. Unanunua klachi, matundu hayakai. Unanunua pistoni, ringi zinalegea. Fundi anakwangua hapa, anaweka ufito pale, na baada ya miezi sita una mashine isiyo na ndugu duniani.

Sasa hiyo hesabu ya cc. Ni ujazo wa silinda tu. Inakwambia injini ni kubwa kiasi gani, haikwambii mti utakatika vipi. Mivinje ya umri huo mara nyingi haijafika sentimita 30 kwa unene. Mbao yake ni nzito na ngumu, ndiyo, lakini msumeno wa cc 45 wenye mnyororo mkali unaukata bila kulalamika. Hata shina linalozidi urefu wa ubapa hukatwa kwa kuingia pande mbili. Kwa kipimo tu, bila kukupigia debe la jina: Stihl MS 250 ina cc 45.4, nguvu ya kilowati 2.3, na uzito wa kilo 4.6 hivi bila ubapa. Husqvarna 455 Rancher ina cc 55.5, kilowati 2.6, na uzito wa karibu kilo 6. Kati ya hizo mbili ndipo shamba lako lilipo. Ukinunua jina jingine lenye vipimo hivyo na spea zake ziko mjini, sina ugomvi nawe.

Muuzaji hakukutajia mnyororo hata mara moja, na mnyororo ndio unaokata mti. Injini inauzungusha tu. Zamani minyororo ilikuwa na meno ya kukwaruza, ya kunolewa kwa taabu. Mwaka 1946 Mmarekani mmoja wa Oregon, Joseph Cox, aliyekuwa mkata miti, alimtazama buu wa mdudu mtoboa mbao akitafuna kisiki na kuona kwamba anakata kulia na kushoto kwa zamu. Mwaka uliofuata akaanza kuuza mnyororo wa meno yaliyopinda, la kulia likifuatwa na la kushoto. Minyororo tunayotumia leo ni uzao wa huo.

Uchukue mkononi uutazame kwa karibu. Kila jino lina sehemu mbili: kona kali iliyopinda kwa juu, na mbele yake kijino kifupi kisicho na makali. Kona inakata, kijino kinapima kona izame kiasi gani. Tofauti ya kimo kati ya viwili hivyo ni kama milimita 0.65 tu. Kwa hivyo jino hufanya kazi ya randa ya seremala, linachonga utepe na kuutupa nje. Likiwa kali utaona maranda marefu yakiruka, na msumeno unajivuta wenyewe ndani ya mti, wewe unauongoza. Likiwa butu unatoka unga. Hapo mshikaji huanza kuukandamiza. Ubapa unapata moto, mnyororo unalegea, klachi inateleza, silinda inachemka, na yule mtu mgongo unamuuma. Mara nyingi mteja huniletea msumeno akisema umepoteza nguvu. Naunoa mnyororo, namrudishia, na injini sijaifungua.

Kunoa si uchawi, lakini kunataka utaratibu. Nunua tupa ya mviringo ya kipimo cha mnyororo wako: mnyororo wa .325 (hiyo ni namba ya ukubwa wa mnyororo kwa inchi) hutaka tupa ya milimita 4.8, wa 3/8 wa kawaida hutaka 5.2, na ule mwembamba wa 3/8 wa misumeno midogo hutaka 4. Shika pembe ya digrii 30, sukuma tupa kwenda mbele tu, hesabu sawa kwa kila jino, upande mmoja mpaka uishe ndipo uhamie wa pili. Meno ya kushoto yakiwa mafupi kuliko ya kulia, msumeno utakata kwa kupinda na utamlaumu kila mtu. Kila ukijaza tangi, pitisha tupa mara mbili tatu. Mnyororo usingoje mpaka uwe butu ndipo uukumbuke.

Kwako wewe hili lina uzito zaidi kwa sababu ya minazi. Mnazi hauna moyo mgumu kama mti mwingine. Ugumu wake uko nje, hasa sehemu ya chini ya shina, na katikati ni laini. Ule ukingo wa nje una nyuzi ngumu zenye silika, na silika hula makali upesi. Zaidi ya hapo kuna vile vidato vilivyochongwa na wakwezi na wagema. Vimekaa miaka vikikusanya mchanga, na mkwezi mwingine alikuwa anapanda na mchanga miguuni. Kabla ya kukata, chukua panga ukwangue pale ubapa utakapopita, na uangalie misumari. Weka mnyororo mmoja uwe wa minazi tu, mwingine uwe wa mivinje. Na gogo likishalala, liinue juu ya magogo mengine kabla ya kulikata vipande. Ardhi yetu ya pwani ina mawe ya matumbawe karibu sana na juu, na ncha ikigusa jiwe mara moja tu, meno yote yameharibika.

Oili nayo imeua misumeno mingi kuliko miti. Injini hii ni ya mipigo miwili na haina bakuli la oili chini kama gari. Oili inayolainisha pistoni ni ile iliyochanganywa ndani ya petroli. Ukiweka petroli tupu, pistoni itakwaruza silinda ndani ya dakika chache, na huo si ukarabati mdogo. Kwa oili nzuri ya injini za mipigo miwili iliyopendekezwa na mtengenezaji, kipimo ni 1 kwa 50, yaani mililita 100 kwa lita 5 za petroli. Kwa oili nyingine ya aina hiyo baadhi ya watengenezaji husema 1 kwa 25, basi fuata kitabu chako. Oili ya gari usiweke. Changanya kiasi cha kazi ya wiki mbili tatu, si pipa zima, maana mchanganyiko uliolala sana hauwaki vizuri na huacha gundi kwenye kabureta. Ukijua hutautumia msumeno masika yote, mwaga petroli, uwashe mpaka uzime wenyewe.

Tangi la pili ni la oili ya mnyororo. Najua watu wanaweka oili chafu iliyotolewa kwenye gari, kwa kuwa ni ya bure. Ina chembe za chuma, haigandi kwenye mnyororo, na yote inaishia kwenye udongo wako na kwenye ngozi ya anayekata. Oili halisi ya mnyororo ina mnato. Kuna dalili nzuri ya kukumbuka: matangi yamepimwa ili petroli iishe kidogo kabla ya oili. Petroli ikiisha na tangi la oili bado limejaa, pampu au tundu la oili limeziba, simamisha kazi. Na kwa kuwa tuko karibu na bahari, ukimaliza futa mashine, paka mnyororo oili, usiuache kwenye buti la gari ukila hewa ya chumvi.

Kuhusu hatari nitakuwa mkali kidogo. Mnyororo hukimbia mbele kwa juu ya ubapa na kurudi kwako kwa chini. Robo ya juu ya ncha ikigusa kitu, tawi lililojificha au gogo la pili, meno yanakwama na nguvu yote inageuka: ubapa unaruka juu na nyuma kuelekea usoni, kwa kasi ambayo hakuna mtu anayewahi kuikwepa. Ndiyo maana nasisitiza breki, ule mkono wa plastiki ulio mbele ya mpini wa juu. Unaposukumwa mbele, mnyororo unasimama papo hapo. Kidole gumba cha kushoto kiuzunguke mpini, mwili uwe kushoto kwa mstari wa kukata, na usikate chochote kilicho juu ya bega. Juu ya ngazi, kamwe. Kwa hivyo miembe na mikanju yako, kwa matawi yasiyozidi unene wa mkono, pogoa kwa msumeno wa mkono wenye mpini mrefu. Utashangaa kazi inavyokwenda.

Suruali ya kinga ina nyuzi ndefu ndani. Mnyororo ukiigusa, nyuzi hutoka na kujaa kwenye gia mpaka msumeno ukasimama. Joto letu linaifanya ichukiwe. Basi fanyeni kazi alfajiri hadi saa nne. Kuna sababu nyingine ya saa hizo: kusi ikianza kuvuma mchana, mvinje mrefu huenda unakotaka upepo, si unakotaka wewe.

Wa betri mwanao hajakosea sana. Hauna kelele, hauna kuchanganya petroli, na kwa kupogoa ni mzuri. Lakini kwa kuvuna mivinje siku nzima utahitaji betri kadhaa na mahali pa kuzichaji hapohapo Matuga, na bei ya betri hizo itakurudisha kwenye bei ya wa petroli. Ningeufikiria kama msumeno wa pili.

Ukienda dukani, Mwalimu, usianze na bei. Anza kwa kuuliza bei ya filta ya hewa, mnyororo, na pistoni ya mfano huohuo, na uombe uonyeshwe. Asiyekuwa navyo hatakuwa navyo mwezi ujao. Tazama namba iliyogongwa kwenye chuma cha mashine, maandishi ya jina, kitabu, na karatasi ya dhamana yenye muhuri wa duka. Vuta kamba: iwe na ukinzani wa wazi. Waombe wauwashe. Ukiwa unanguruma polepole bila kubanwa petroli, mnyororo lazima usimame kabisa. Ukiendelea kuzunguka, kabureta au klachi ina kasoro. Wasukume breki wakiwa wamebana kidogo, uone unasimama. Kisha waelekeze ncha kwenye kipande cha boksi bila kugusa na wabane petroli kwa nguvu: mstari wa oili utatokea kwenye boksi. Usipotokea, pampu haifanyi kazi. Muuzaji mzuri hatachukizwa na haya. Akichukizwa, ondoka.

Swali moja hukuliuliza: nani ataushika? Ikiwa ni wewe mwenyewe, anza na fito na magogo yaliyokwisha kulala, usianze kwa kuangusha. Ikiwa ni kijana wa shambani, mtafutie mkataji mzoefu akae naye wakati wa kuvuna mivinje, umlipe kwa kufundisha, siyo kwa mti. Na fanya hesabu ya haki: kama baada ya mavuno haya msumeno utalala mwaka mzima, kumwajiri mtu anayetimiza ahadi bado ni rahisi kuliko kumiliki. Mimi huuza ufundi, lakini hilo ni kweli.

Kabla ya nguzo kupakiwa, pitia ofisi ya KFS, shirika la misitu la Kenya, iliyoko Kwale upate kibali cha kusafirisha, hata kama miti umeipanda mwenyewe. Minazi zungumza na afisa wa kilimo wa kaunti kwanza. Ukishaiangusha usiache mashina yaozee shambani. Chonga, wale wadudu wa minazi, hutaga mayai humo, na wakishakua huenda kutoboa vilele vya minazi yako inayozaa. Pasua na uchome.

Sasa mkwaju. Mti mkavu hautabiriki: matawi yake hukatika kwa mtikisiko wa injini tu na kumwangukia aliye chini, na mbao ya mkwaju kwa ndani ni ngumu sana. Ukiongeza nyumba iliyo karibu, hiyo si kazi ya kujifunzia. Na kama kuna waya za umeme karibu, waite Kenya Power kwanza kabla ya mtu yeyote. Tafuta watu wanaopanda kwa kamba na kuushusha vipande kutoka juu. Wakija, muulize mkubwa wao atashusha tawi gani kwanza, kamba itafungwa wapi, na nani atasimama kuwazuia watoto wasipite. Akikutajia bei kabla hajauzunguka mti, mlipe nauli na utafute mwingine.